Kisa cha mama lishe aliyetibiwa taifodi mara tatu

Kabla ya kisa

Mwenyewe ameridhia kisa chake kisimuliwe, kwa sharti kwamba asitambulike. Kwa hiyo nimegeuza umri, idadi ya watoto na majira ya mwaka, nimeacha kutaja mji na dini, na viwango vya fedha nimevisogeza kidogo bila kuharibu uwiano wake. Nitamwita Mama Sifa. Hana mtoto mwenye jina hilo.

Mimi ni afisa tabibu katika kituo cha afya Tanzania bara. Kwa siku naona wagonjwa 50 hadi 60. Hilo silisemi kujitetea, ila bila kulijua huwezi kuelewa yaliyotokea. Mama Sifa alipita mikononi mwa watoa huduma akiwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na mawazo yaliyozidi, kwa zaidi ya miezi minne bila yeyote kuitambua, na katika wale waliomwandikia antibayotiki, mmoja ni mimi.

Usuli

Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mama wa watoto wanne. Anapika karibu na stendi: chai, chapati na supu asubuhi, wali na maharage mchana. Huamka saa tisa usiku, na saa kumi na moja alfajiri moto unawaka kwenye kibanda. Mume kazi yake ni ya safari, anaweza kukaa nje wiki tatu.

Mwaka uliotangulia alimuuguza mama yake mzazi hadi alipofariki. Kwenye familia yao yeye ndiye aliyekuwa na biashara, kwa hiyo gharama zilimwangukia. Alianza kwa kukopa kwenye kikoba chake, kikundi cha wanawake wanaoweka akiba na kukopeshana. Muda wa kurejesha ulipofika hana kitu, na kwa kuwa hakutaka aibu mbele ya wanawake wenzake, akachukua kausha damu.

Kwa msomaji asiyeishi Tanzania, kausha damu ni jina ambalo wakopaji wenyewe wameupa mkopo wa haraka wa mtaani. Hauna maswali mengi, riba yake ni kubwa, marejesho ni ya kila siku au kila wiki. Dhamana huwa kadi ya benki, friji, televisheni, hata kitanda. Mama Sifa alichukua 400,000 kwa marejesho ya 18,000 kila siku kwa siku 30. Ukizidisha ni 540,000. Ulipomlemea, akachukua wa pili kwingine, 300,000, marejesho 13,500 kwa siku. Jumla akawa anatakiwa kutoa 31,500 kila jioni, wakati faida yake kwa siku nzuri ilikuwa 25,000. Hesabu hii tuliipata mwezi wa tano wa kuugua kwake. Kabla ya hapo hakuna aliyemuuliza, na mume hakujua hata mkopo mmoja.

Mwezi wa pili wa deni friji ikabebwa. Watoto aliwaambia imepelekwa kwa fundi.

Yaliyotokea, hatua kwa hatua

Mara ya kwanza alikwenda zahanati moja ya mtaani akilalamika kichwa, uchovu na homa za usiku. Malaria haikuonekana. Kipimo cha Widal, cha damu, kinachotumika kutafuta taifodi, kikasomwa kuwa na taifodi, akapewa antibayotiki ya siprofloksasini. Wiki tatu baadaye akaenda kwingine na malalamiko yaleyale, yakiongezeka maumivu ya chembe ya moyo. Akaambiwa taifodi haijaisha, tena ana UTI, na huenda vidonda vya tumbo vinaanza. Dawa zikawa za aina nne.

Mara ya tatu alikuja kwetu, kwangu. Nimelirudia daftari lake mara nyingi tangu siku ile. Nimeandika: kichwa, uchovu, kukosa hamu ya kula, Widal chanya. Nakumbuka alisema jambo ambalo sikuliandika. Alisema, "Daktari, kama wadudu wanatembea kichwani." Nikalichukulia kama namna yake ya kueleza kichwa kuuma. Nikampa antibayotiki ya tatu.

Katikati ya safari hizo kulikuwa na njia nyingine ambazo sisi wa hospitali huwa hatuhusishwi. Kiongozi wake wa dini alimwombea mara kadhaa. Mganga alimwambia kuna mwenzake wa biashara amemfunga, naye Mama Sifa akatoa na pesa ya kufunguliwa. Rafiki mmoja akamwambia ni kisukari. Kila alikokwenda alipata jina la ugonjwa, na kila jina lilikuwa na bei.

Kisha ikaja ile ya pikipiki. Wakusanya madeni wa ule mkopo wa pili walikuwa wakija jioni kwa pikipiki. Ikafika mahali mlio wa pikipiki yoyote ikipunguza mwendo karibu na nyumba unamfanya moyo uende mbio, mikono ifanye ganzi, jasho limtoke, pumzi zikate. Usiku mmoja alianguka jikoni akisema anakufa. Watoto walimkimbiza kituoni. Presha ya damu ilisoma 148/92, na baada ya nusu saa ya kukaa kitandani ikashuka hadi 126/80. Mwenzangu wa zamu alimchoma sindano ya diazepamu, dawa ya kutuliza, akaandika "presha", akamruhusu arudi nyumbani.

Siku nne baadaye alikuja kupima presha. Aliyekuwa mezani ni muuguzi wetu mkongwe, mama wa makamo anayekaribia kustaafu, ambaye huwa hana haraka na mtu. Alimfunga mkanda wa kipimo mkononi, akamtazama usoni, akamuuliza, "Mwanangu, usiku unalala?"

Mama Sifa hakujibu. Machozi yalianza kutoka kabla mashine haijamaliza kusoma.

Muuguzi hakumwingiza kwenye foleni. Alimpa kiti nyuma ya dawati lake, akampa maji, akaniletea saa nane mchana foleni ilipokwisha. Mama Sifa alipoingia chumbani alinisalimu shikamoo ingawa amenizidi umri. Nikamwitikia kwa aibu, nikamwomba akae.

Tulizungumza kama dakika arobaini. Usingizi ulikuwa unakatika saa sita usiku, na kuanzia hapo hadi saa ya kuamka analala macho akipiga hesabu. Chakula anaonja tu sufuria. Wateja wakicheka kibandani anahisi kama wako mbali, nyuma ya kioo. Watoto anawafokea kisha analia chooni. Jambo lililomuumiza zaidi, kwa maneno yake, ni kwamba alikuwa hasikii tena huzuni ya mama yake. "Nimekauka, daktari. Hata marehemu simlilii."

Nikachukua dodoso la PHQ-9 la kupima sonona, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili. Ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja lina alama 0 hadi 3, na jumla huishia 27. Kuanzia 10 tunashtuka. 15 hadi 19 ni sonona ya kiwango cha kati kuelekea kali. 20 na zaidi ni kali. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Nakiri kwamba ninapokuwa na haraka nimeshawahi kulipita swali hili, au kuliuliza kwa namna inayodai jibu la hapana: "Hujafikia huko, eti?" Nilipofika pale nikasita. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, akaniangalia.

Nikamuuliza, "Mama, mtu akiwa na mzigo kama huu, wakati mwingine hutamani angekufa, au hufikiria kujitoa uhai. Wewe imekufika?"

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mara mbili nimepanga. Nikamkumbuka huyu mdogo, wa mwisho."

"Umemwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Watasema nimerukwa na akili. Na polisi je?"

Jumla ya alama ilikuwa 19.

Maamuzi tuliyofanya na sababu zake

Kwanza tulihakikisha hatufanyi kosa la upande wa pili, yaani kumwita mgonjwa wa mawazo kila ambaye vipimo havimwelewi. Tulipima wingi wa damu, sukari, ujauzito na virusi vya UKIMWI, tukarudia presha. Vyote vilikuwa salama isipokuwa wingi wa damu: 9.8, chini ya kawaida. Hedhi yake ilikuwa nzito kwa miezi kadhaa na hakuna aliyemuuliza hilo pia. Tukaanza vidonge vya madini ya chuma. Sehemu ya uchovu wake ilikuwa na sababu ya mwilini kabisa, na kama tungeruka moja kwa moja kwenye sonona tungeikosa.

Tulimuuliza pia kama amewahi kuwa na kipindi cha furaha au nguvu zisizo za kawaida, anakesha siku kadhaa bila kuchoka, anaongea na kutumia pesa kupita kiasi. Hajawahi. Swali hili ni la lazima kabla ya kumwanzishia mtu dawa ya sonona, kwa sababu mwenye ugonjwa wa hisia mseto (bipolar), ambaye hupita kwenye vipindi vya sonona na vya nguvu kupita kiasi, akipewa dawa hiyo peke yake anaweza kupandishwa upande wa pili. Pombe hanywi. Sauti zisizo na mtu hasikii. Nyumbani hapigwi.

Uamuzi mgumu ulikuwa wapi atibiwe. Mwenye sonona ya kiwango hiki aliyepanga kifo hata kama ni wiki zilizopita anastahili kuonwa na mtaalamu wa magonjwa ya akili, na hospitali yenye mtaalamu ilikuwa saa mbili kwa basi. Mama Sifa alikataa katakata. Hofu yake ilikuwa ya mtu anayejua mtaa wake: akionekana kwenye lile jengo, nani atakula chakula chake? Nilimpigia simu mtaalamu wa mkoa, tukapitia hali yake. Siku ile hakuwa na mpango wala nia, alikuwa tayari kusaidiwa, na kulikuwa na mtu mzima wa kulala naye. Tukakubaliana abaki, aonwe kila wiki, na tukaandika mbele yake dalili ambazo zikitokea hatutamuuliza tena: atakwenda mkoani siku hiyohiyo. Alizisoma akaweka sahihi yake, ingawa hatukumwomba.

Dawa. Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Fluoksetini, dawa mojawapo ya sonona, haikuwepo kwenye dirisha letu la dawa, ilikuwepo amitriptilini, dawa ya sonona ya zamani inayofanya kazi vizuri na inayosaidia usingizi. Nikaandika miligramu 25 usiku, vidonge 30. Ni mazoea ya mkono: dawa ya mwezi. Muuguzi aliichukua karatasi, akarudi nayo, akafunga mlango. "Daktari, huyu aliyetuambia vile ndiye unampa vidonge vya mwezi mzima akalale navyo?"

Amitriptilini ikizidi kipimo ni hatari kwa moyo. Nilikijua hicho tangu chuoni. Nilikuwa nimetoka kumuuliza swali gumu kuliko yote, nikapata jibu, halafu mkono wangu ukaandika kana kwamba jibu sikulisikia. Nikapunguza hadi vidonge saba.

Nikapendekeza binti yake wa sekondari ndiye azitunze. Muuguzi akakataa tena, na alikuwa na haki: huwezi kumkabidhi mtoto wa miaka kumi na sita uhai wa mama yake kwenye kifuko cha dawa. Tukamuuliza Mama Sifa mwenyewe angependa nani. Akamtaja mama yake mdogo, anayeishi mtaa wa pili. Huyo mama mdogo alikuja kesho yake, akasikiliza, akasema maneno machache tu: "Basi usiku atalala kwangu, na watoto wake wote." Alikuwa anampa kidonge kimoja kila jioni kwa mkono wake.

Tulimweleza ugonjwa kwa lugha yake. Neno sonona analijua aliyesoma au anayesikiliza vipindi vya afya, lakini "nina mawazo" analisema kila mtu. Nikamwambia mawazo yake yamezidi kiasi ambacho mwili unaweza kubeba, hadi yamekuwa ugonjwa wenye dalili na tiba, kama yalivyo magonjwa mengine. Akauliza kama hizi si dawa za vichaa, na kama atazizoea. Nikamjibu kwamba zitachukua wiki mbili hadi nne kabla hajaona tofauti ya maana, kwamba mdomo utakauka na choo kitakuwa kigumu, na kwamba hazimfanyi mtu teja. Nikamwomba asiziache mwenyewe. Tutafika huko.

Mazungumzo ya kila wiki aliyafanya muuguzi, nami nikiwapo nilipoweza. Tulifuata njia rahisi ya kutatua tatizo moja kwa wakati, inayofanana na ile ya mabibi wa Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 huko Mbare, Harare, wakikaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliobaki na dalili walikuwa asilimia 14 hivi kwa waliopitia benchi, dhidi ya nusu kwa waliopata huduma ya kawaida. Wale mabibi huuita ugonjwa huu kwa jina la Kishona lenye maana ya kufikiri sana. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka kila mgonjwa aliyewahi kuniambia ana mawazo, nami nikamwandikia dawa ya maumivu.

Kikao cha kwanza muuguzi alimwambia ataje matatizo yote, akayaandika. Yalikuwa kumi na moja. Kisha akamwuliza achague moja ambalo likipungua yeye atapumua. Nilidhani atachagua deni. Alichagua mlio wa pikipiki.

Basi tukaanza hapo. Akafundishwa kupumua: avute pumzi polepole kwa hesabu ya nne, aitoe kwa hesabu ya sita, mkono tumboni, mpaka moyo utulie, akijua kwamba lile wimbi hupanda, hufika kileleni na hushuka lenyewe bila kumuua. Simu ya biashara ikawa inazimwa saa mbili usiku. Na jioni, badala ya kungoja nyumbani pikipiki ije, anakwenda kwa mama mdogo kwa miguu, dakika ishirini, na mtoto wa mwisho mkononi.

Deni likawa la wiki ya pili, na hapo tulimhitaji afisa ustawi wa jamii. Kuhusu mume, hatukumwambia chochote. Wapo waliotushauri tumwite. Siri ilikuwa ya mgonjwa, na tuliamua atamwambia yeye siku atakayokuwa na nguvu ya kusimama mbele ya jibu lolote.

Kiongozi wa dini hatukumpinga, wala hatukumkataza mama kusali. Tulimwomba ruhusa tuzungumze naye, akakubali. Yule mzee alituambia anao waumini wengine kama watano wa namna hiyo na hajui awapeleke wapi.

Matokeo

Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika isipokuwa usingizi, kidogo. Dozi ilipanda polepole hadi miligramu 75 kufikia wiki ya tatu. Wiki hiyo akaungua mkono kwa mafuta ya chapati. Dawa aliyokuwa akimeza saa nne usiku ilikuwa bado inamlewesha saa kumi alfajiri. Sikuwa nimefikiria kwamba siku yake inaanza wakati mimi niko nusu ya usingizi wangu. Tukasogeza dozi hadi saa moja jioni, ulevi wa asubuhi ukapungua.

Afisa ustawi na mtendaji wa mtaa waliwaita wakopeshaji wote wawili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka mkopeshaji wa namna hii awe na leseni. Mmoja hakuweza kuionyesha. Huyo alikubali kupokea salio la mtaji bila riba zaidi, 20,000 kwa wiki. Wa pili alikuwa nayo. Yeye aliongeza muda tu, hakupunguza hata shilingi. Friji haikurudi. Kwenye kikoba alijieleza kwa mwenyekiti, akaruhusiwa kusimamisha hisa kwa miezi miwili, na kikao hichohicho wanawake wengine watatu wakasema nao wana kausha damu.

Wiki ya sita alama zilikuwa 11, na swali la tisa lilikuwa 0. Wiki ya saba alimwambia mume. Hakupigwa, lakini mume alikaa wiki nzima bila kusema naye, kisha akaondoka safari. Aliporudi alilipa marejesho ya wiki tatu. Mpaka leo, anasema, jambo hilo likitajwa nyumbani hewa inabadilika.

Mwezi wa tatu wa matibabu aliacha dawa. Alikuwa anajisikia mzima, na jirani alimwambia dawa za kichwa zikimezwa sana zinaharibu akili. Hatukujua, kwa sababu tulikuwa tumeshampunguzia mahudhurio hadi mara moja kwa mwezi, na mama mdogo alikuwa amesafiri. Mwezi wa nne alirudi na alama 14, usingizi umekatika tena, na aibu ya kuturudia ikiwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Tulianza upya kwa dozi ndogo. Mwezi wa saba alama zilikuwa 5, damu 12.1. Ameelezwa kwamba dawa ataendelea nayo miezi tisa hadi kumi na miwili tangu dalili zilipoisha, na itapunguzwa taratibu pamoja nasi.

Mwisho wa mwezi bado halali vizuri. Na mwezi wa nane, akikata vitunguu kibandani, alimlilia mama yake kwa mara ya kwanza.

Uchambuzi

Nianze na Widal. Kipimo hiki hutafuta kingamwili, ambazo zinaweza kubaki mwilini kutokana na maambukizi ya zamani au hata ya vijidudu vingine. Mahali penye taifodi nyingi, kipimo kimoja hakithibitishi kitu. Sisi wa kada hii tunalijua hilo. Tunaendelea kukitumia kwa sababu kinampa mgonjwa jibu na kinatupa sisi ruhusa ya kumwita mwingine aingie. Kwa Mama Sifa kila jibu la uongo lilifunga mlango wa swali la kweli, na lilichukua pesa ya marejesho. Tulipojumlisha naye gharama za vipimo, dawa, sindano na nauli za miezi ile minne, zilifika 143,000. Tulikuwa sehemu ya deni lake.

Mwili ulisema mapema kuliko mdomo, na ulisema kwa usahihi. Wadudu kichwani, ganzi, moyo kwenda mbio, chembe ya moyo, uchovu usioisha kwa kulala: kwa watu wetu hii ndiyo sura ya sonona na wasiwasi inapoingia hospitali. Anayengoja mgonjwa aseme "nina huzuni" atangoja sana. Sasa mgonjwa akirudi mara ya pili na malalamiko yaleyale baada ya tiba, nauliza usingizi na hamu ya kula kabla ya kuandika kipimo kingine.

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni swali la muuguzi, na sidhani kama lilikuwa bahati. Alikuwa na kiti, maji, na sauti ya mama kwa mwanawe. Swali lilelile likiulizwa dirishani mbele ya watu kumi lingejibiwa "nalala vizuri".

Swali la kifo linahitaji maneno yaliyoandaliwa. Wengi wetu tunaogopa kwamba ukimuuliza mtu unampandikizia wazo. Sivyo, kuuliza kwa upole humpa nafasi ya kulitua. Kinachozuia jibu ni aibu, na pia sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho, cha 226, kinapingana na Katiba. Mama Sifa hakuwa amejaribu, lakini aliniuliza kuhusu polisi kabla hajaniuliza kuhusu dawa. Mtu akiwa na mgonjwa wa namna hii nyumbani, asimwache peke yake, aondoe vitu vya hatari karibu, na amlete kituo chochote cha afya usiku uleule.

Vidonge 30 vinanisumbua zaidi kuliko antibayotiki. Antibayotiki ilikuwa kutojua. Hivi nilijua. Kilichomwokoa mgonjwa ni kwamba kwenye kituo chetu muuguzi anaweza kumrudishia daktari karatasi bila kuogopa, jambo ambalo halipo kila mahali.

Dawa peke yake ingeshindwa, kwani kila jioni angeimeza kisha pikipiki ije. Kulipa deni peke yake pia kungeshindwa. Alikuwa ameshafika mahali ambapo hata kuhesabu hawezi. Mfuatano ndio uliosaidia: usingizi kwanza, pumzi, halafu deni, halafu mume. Kama tungeanza na mume kama tulivyoshauriwa, naamini tungempoteza.

Tulishindwa mwezi wa tatu. Mgonjwa aliyepona nusu anaonekana kama aliyepona, na tulimwachia mapema. Kama ningeanza upya ningempigia simu kila wiki mbili hadi mwezi wa sita, na ningemweleza mama mdogo, siyo mgonjwa peke yake, kwamba siku atakayosema "nimepona, siendelei" ndiyo siku ya kumleta.

Na wale watoto hatukuwafikiria hata kidogo. Binti alikuwa ameona friji ikibebwa, amemkimbiza mama yake usiku, amejua bila kuambiwa. Alama zake za shule zilishuka muhula ule. Tuligundua mwezi wa sita, alipokuja mwenyewe na kichwa kinachouma.

Tumeongeza safu moja kwenye rejista ya meza ya presha, imeandikwa "Usingizi". Muuguzi mkongwe huijaza kila siku kwa kila mgonjwa. Wiki anazokuwa likizo, hubaki tupu.